Mvua Imenyesha, Lakini Je, Udongo Umekunywa?

Ndugu mkulima, vuli ikikaribia kila mtu hapa Voi hutazama juu. Twatazama mawingu ya Sagalla na Mbololo, na mvua ikikosa twasema mwaka ni mbaya. Ni haki yetu kusema hivyo, maana ukame wa 2020 hata 2023 ulitufundisha sote. Lakini leo nakuomba utazame chini. Yako mashamba ambayo mvua hunyesha juu yake na udongo haunywi. Maji hukaa juu kama tone juu ya jani la magimbi, kisha hujikusanya, huteremka bondeni, na huchukua samadi na mbegu zako. Kesho yake ukipiga jembe wakuta matope ya vidole viwili, na chini yake vumbi kavu.

Ndipo maneno huanza. Huyu asema mbegu ni mbovu, yule asema aliyeiuza ni mwizi. Pengine ni kweli, wezi wapo. Lakini ndengu zikiota madoa madoa, hapa zimejaa na pale pamebaki upara, chunguza udongo kwanza kabla ya kwenda kugombana dukani.

Ubaya huu watoka wapi? Majani ya miti mingine yana nta, hasa mikaratusi na misonobari. Yakianguka na kuoza, nta hiyo, pamoja na ile ya kuvu wanaoishi ardhini, huzipaka chembe za udongo utando mwembamba usioonekana kwa macho. Udongo wa mchanga hushikwa upesi kuliko mfinyanzi, kwa kuwa nta kidogo yatosha kufunika chembe zake. Na tena udongo ukiwa na unyevu ubaya hujificha; ukikauka sana hujitokeza. Kwa hiyo mvua inayopotea zaidi ni ile ya kwanza baada ya kiangazi, nayo ndiyo tuitegemeayo kupandia.

Sababu ya pili twaileta wenyewe kwa kiberiti. Mtu apewapo shamba jipya katika skimu, kazi yake ya kwanza ni kufyeka, na ya pili ni kuchoma. Naelewa, moto haudai mshahara wa kibarua. Lakini moto wa kichaka huigeuza nta kuwa mvuke, na mvuke huo hupenya chini penye ubaridi, ukaganda huko vidole viwili au vitatu kutoka juu. Wataalamu wamepima wakaona kwamba joto la nyuzi 200 hivi huzidisha ubaya huu. Joto likipita 300 au 400 nta yenyewe huungua, lakini hapo umekwisha kuunguza na mboji yako yote, basi faida iko wapi? Jivu hutudanganya. Mahindi ya msimu wa kwanza hustawi kwa chumvichumvi za jivu, tukadhani moto ni mbolea.

Tupige hesabu kidogo. Mvua ya milimita 10 juu ya ekari moja ni lita 40,000, yaani mapipa 200 ya lita 200. Ikiwa robo tu ya mvua hiyo haikuingia ardhini, umepoteza mapipa 50 kwa mvua moja. Mvua ya Voi kwa mwaka mzima ni milimita 550 hivi. Hatuna maji ya kutupa.

Tena jambo hili halikomi katika mpaka wa shamba lako. Mto Voi waanza juu katika milima ya Taita, wapita kwetu, waingia Tsavo Mashariki hata kwenye bwawa la Aruba lililojengwa mwaka 1952. Maji yasiyonywewa na ardhi ya juu hushuka kwa siku moja yakiwa mekundu kwa udongo, halafu mto hukauka. Yale yanayonywewa hutoka polepole katika chemchemi, miezi mingi baada ya mvua. Huko milimani wachunguzi walilinganisha picha zilizopigwa kutoka ndegeni mwaka 1955 na za mwaka 2004, katika vipande sita vya msitu. Waliona kwamba nusu ya msitu wa asili imetoweka, hekta 260, ambazo ni ekari 640 hivi. Lakini eneo lote lenye miti halikupungua sana, kwa sababu misonobari, mikaratusi, miwati na miti mingine ya kigeni ilipandwa penye upara. Mtu akihesabu miti tu atasema milima i salama. Mimi sikubali hesabu hiyo. Ardhi iliyo chini ya msitu wa Ngangao, yenye mboji laini, si sawa na ardhi iliyofunikwa na majani makavu ya mkaratusi.

Sisemi mkaratusi ung'olewe kila mahali. Nguzo zake zimelipa karo za watoto wengi, na kuni zatakiwa kila siku. Lakini mwaka 2009 Waziri wa Mazingira wa wakati ule, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi iondolewe kando ya mito na chemchemi, na ninaona agizo lile lilikuwa la haki. Mti ule hunywa maji mengi, na juu ya hayo waweza kuifanya ardhi iliyo chini yake ikatae mvua. Upande peke yake, mbali na maji na mbali na mimea ya chakula.

Sasa lipime shamba lako, haligharimu kitu. Chagua siku kavu kabla ya mvua. Ondoa majani na takataka, kisha dondosha tone la maji juu ya udongo, ukihesabu. Likizama kabla ya kufika tano, udongo ni mzuri. Likikaa zaidi ya dakika moja, pana ubaya, na likikaa zaidi ya dakika kumi, ubaya ni mkubwa. Kwangua kidole kimoja ujaribu tena, kisha kidole cha pili na cha tatu, hasa palipochomwa moto. Usichanganye jambo hili na ule ugumu wa juu ambao udongo wetu mwekundu hufanya baada ya mvua kubwa. Ukivunja gamba na udongo wa chini ukanywa mara moja, dawa yake ni jembe na matandazo tu.

Udongo ukikataa, usipande juu ya tambarare. Chimba mashimo au mifereji inayokingama na mteremko, uvunje ile tabaka kavu, upande mle ndani ambamo maji yatakusanyika. Changanya samadi iliyooza vizuri. Huko Australia wakulima wa ardhi ya mchanga humwaga mfinyanzi tani nyingi kwa kila ekari, kwa matrekta. Wewe huna trekta, lakini unaweza kutia koleo moja la udongo wa kichuguu katika kila shimo. Jaribu mistari miwili au mitatu kwanza, na mistari mingine uiache bila kutia, upate kulinganisha. Mabua uyaache yalale shambani. Na ikiwa tone lilikaa zaidi ya dakika kumi, mwite Bwana au Bibi Shamba wa wadi yako aje aone kabla hujatia mbegu, maana mvua ikianza hataweza tena kuuona ubaya huo.