Shangazi, mbona hamkuniuliza?

Desemba iliyopita kaka yangu alinipigia simu kutoka Bukoba, hata salamu hana: “Njoo umchukue mwanao, mimi ameshanishinda.” Mwanangu huyo ni binti yake wa miaka 15. Shangazi ni baba wa kike, kwa hiyo nikapanda basi.

Nikakuta mlango wa chumba umefungwa, chakula hakijaguswa, fimbo iko juu ya kabati. Darasani alikuwa wa tatu, sasa anavuta mkia. “Balehe tu hiyo, na simu,” akasema wifi yangu.

Kweli, balehe ipo. Sehemu ya ubongo inayopima hatari na kutuliza hasira huendelea kukomaa mpaka miaka ya 20 na kitu, ndiyo maana kijana hulipuka kwa jambo dogo. Lakini binti huyu alilelewa Kamachumu, Muleba, na bibi yake, yaani mama yetu mzazi. Mama alipofariki, tulimaliza matanga, tukajadili kibanja, binti tukampakia kwenye gari na sanduku lake. Hakuna aliyekaa naye. Hata mimi.

Tukaenda kwa mshauri wa kisaikolojia. Kaka aligoma mwanzo: “Kwani ana kichaa?” Hapana. Tiba hii ni mazungumzo yenye mpangilio. Kwanza mlikaa wote, kisha binti peke yake, kisha wazazi peke yao. Anachosema kijana ni siri yake, isipokuwa maisha yake au ya mwingine yakiwa hatarini. Wazazi nao hufundishwa kusikiliza bila kukatiza, na kuweka masharti bila matusi wala kipigo.

Kikao cha nne kilikuwa cha pamoja. Binti akanigeukia: “Shangazi, mbona hamkuniuliza?” Kaka akainamisha kichwa. Tangu msiba, hata yeye hakuwa amelia.

Jambo hili Kagera si geni. Hapa ndipo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa, mwaka 1983, na mabibi wengi wakabaki na wajukuu. Kule Nshamba, Muleba, mradi wa Humuliza, neno la Kihaya lenye maana ya kufariji, ulionyesha kwamba mtoto aliyefiwa anahitaji zaidi ya daftari na sare. Anahitaji pa kusemea. Vijana wenyewe wakaunda kikundi chao, Vijana Simama Imara.

Basi mzazi, usisubiri yaharibike. Mwanao akijitenga kwa wiki mbili au zaidi, akikosa usingizi, akiacha alivyovipenda, au masomo yakishuka ghafla, muulize taratibu. Ulizia kitengo cha afya ya akili au ustawi wa jamii katika hospitali iliyo karibu. Ipo pia namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, haina malipo. Akitaja kufa au kujidhuru, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Binti yetu bado anabamiza mlango, msidhani amegeuka malaika. Ila Pasaka walikwenda Kamachumu, yeye na baba yake, wakapalilia kaburi la bibi. Kaka alinipigia jioni. Safari hii alianza na salamu.

Tukutane mwezi ujao.