Wazee wa baiskeli Ngara wasipewe mbio, wapewe safari

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuletwa Afrika. Tadej Pogačar alitwaa ubingwa kwenye milima iliyo mwendo wa saa chache tu wa basi kutoka daraja la Rusumo. Ng'ambo ya daraja hilo, wilayani Ngara, wapo watu wanaopanda milima ya namna ileile kila wiki, na mkungu wa ndizi kwenye keria, wengine wakiwa na miaka 60 na ushei. Hao hawahesabiwi kuwa wanamichezo. Wanahesabiwa kuwa watu wasio na pikipiki.

Michezo ya wazee nchini maana yake imekuwa moja tu: bonanza la veterani. Jumamosi asubuhi, fulana mpya, dakika 20 kila kipindi, kisha nyama choma. Si jambo baya, na limewarudisha uwanjani wengi waliokuwa wameshaachia vitambi vitawale. Lakini soka ni mchezo wa kukurupuka. Mtu aliyekaa miaka 15 bila kukimbia anaona mpira umepenyezwa nyuma ya beki, anasahau umri wake, anachomoka. Goti linajibu, paja linajibu, na siku mbaya moyo ndio unaojibu. Baiskeli inabeba uzito wa mwili, goti halipigwi na ardhi, na anayechoka anashuka anakokota. Kwa mzee wa Kirushya, Mabawe au Rulenge ambaye hajawahi kuvaa njumu, huo ndio mchezo anaoujua tayari.

Ndiyo maana klabu za mazoezi na maofisa michezo wa Ngara na Biharamulo wangefanya jambo la maana kuandaa safari ndefu ya baiskeli kwa waliovuka miaka 50, kutoka Ngara mjini hadi Biharamulo. Safari, siyo mbio. Hapa ndipo waandaaji wengi watakapotaka kuharibu, kwa sababu mdhamini akija swali lake la kwanza ni nani mshindi na anapewa nini. Ukishaweka ng'ombe au milioni moja mbele, kila mzee atajiua kwenye mlima wa kwanza. Na ulaghai hautakawia. Kwenye soka la vijana taabu ni vijeba wanaopunguza umri; huku watakuja watu wa miaka 38 wakiapa kwamba wamezaliwa kabla ya Azimio la Arusha.

Namna ya kufanya ipo, wala haihitaji kubuniwa upya. Ufaransa wana safari ya Paris-Brest-Paris, iliyoanza kama mbio mwaka 1891. Siku hizi haina bingwa. Ni kilomita 1,200 ndani ya saa 90, mwendeshaji anabeba kadi inayogongwa mhuri kila kituo, na aliyefika wa kwanza anapata heshima ileile ya aliyefika dakika ya mwisho. Kwa safari fupi za utaratibu huohuo, kilomita 200 zina kikomo cha saa 13 na nusu. Huko mzee wa miaka 65 si kioja. Na nchi hiyohiyo ndiyo ya Robert Marchand, ambaye Januari 2017, akiwa na miaka 105, aliendesha kilomita 22.5 ndani ya saa moja kwenye uwanja wa baiskeli. Alifariki mwaka 2021 akiwa na 109.

Ngara hakuna haja ya kilomita 1,200. Cha kuamua kwanza ni njia, na hapo hakuna mzaha. Barabara kuu ya Rusumo hadi Lusahunga ni kilomita 90 hivi, na ndiyo inayobeba malori ya Dar es Salaam yaendayo Rwanda. Ukiingiza wazee 60 wenye Phoenix zisizo na taa kati ya malori hayo, unaandaa msiba. Bora kuzunguka: kushika njia ya Murugarama, Rulenge mpaka Nyakahura. Ina vumbi na milima ya kutosha, lakini haina msururu wa malori. Rulenge pana hospitali, jambo la kuliwaza. Wakilala Nyakahura, siku ya pili inabaki sehemu ya barabara kuu hadi Lusahunga, kisha Biharamulo. Kipande hicho ndicho cha kusindikizwa na polisi mbele na nyuma. Mapori ya huko yalishawahi kuwa na sifa mbaya kiasi cha mabasi kusubiriana ili yapite kwa msafara. Wazee wa baiskeli hawapaswi kupita wakiwa wametawanyika.

Muda nao una hesabu yake. Baiskeli ya gia moja kwenye milima ile haitazidi kilomita 12 kwa saa, ukichanganya na kukokota. Kilomita 80 na zaidi za siku ya kwanza ni saa saba kwenye kiti, na ukiongeza chai, maji, pancha na soga inafika saa tisa au kumi. Sasa Julai, kiangazi, Ngara jua linachomoza karibu saa 1 asubuhi, nyuma ya Dar es Salaam kwa kama nusu saa. Wakiondoka kunapopambazuka wanafika Nyakahura saa 11 jioni, bado kuna mwanga. Wakisubiri mgeni rasmi amalize hotuba saa 4, watamalizia gizani. Mgeni rasmi asubiri Biharamulo.

Mengine ni ya kawaida ila ndiyo yanayosahaulika. Presha na sukari zipimwe wiki mbili kabla, siyo asubuhi ya safari ambapo hakuna atakayekubali kurudishwa nyumbani. Mafundi wawili wenye tyubu, spoku, minyororo na solushen. Kituo cha maji na ndizi kila baada ya kilomita 15. Gari moja la mwisho la kuwaokota waliochoka, na lisiitwe jina la kejeli, maana mzee akiona aibu kulipanda ataendelea mpaka aanguke. Mwendo uwe wa yule wa polepole zaidi. Baiskeli ya mzigo na ile ya gia 21 ziende pamoja, na akina mama waliozoea kuendesha kwenda sokoni waandikishwe tangu mwanzo, siyo kualikwa kupika.

Gharama yake ni ndogo kuliko kusafirisha timu ya mpira mikoa mitatu. Kinachotakiwa zaidi ni vibali kutoka wilaya mbili, kila moja ikidhani mwenzake ndiye mwenye shughuli. Kwa hiyo barua ya kwanza iende kwa wakuu wa usalama barabarani wa Ngara na Biharamulo, kabla fulana hazijachapishwa.