Oili ya Injini Haichaguliwi kwa Jua la Nje

Mwenye Vitz au Probox akipeleka gari gereji kumwaga oili, iwe Dar es Salaam au Mombasa, aghalabu huambiwa hivi: achana na hizo 0W-20 na 5W-30, ni maji matupu, zimetengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi, kwa joto letu hili weka namba 40, au angalau 20W-50. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, tena mara nyingi na fundi aliyefungua injini nyingi kuliko wengi wetu tulizowahi kuziendesha. Kwa hiyo anastahili kujibiwa kwa hoja.

Nianze na ukweli uliomo ndani ya ushauri wenyewe. Oili ikipata moto hupungua mnato, na ikiwa nyepesi kupita kiasi vyuma husagana. Injini za zamani, kama za Land Rover na Peugeot 504, zilizoea oili nzito, na mafundi waliojifunzia kwenye injini hizo walijifunza jambo la kweli. Injini iliyochakaa na inayokula oili nayo hutulia kidogo ikiwekewa nzito. Na lori linalopanda mlima Kitonga na shehena yake huipa oili adha ambayo gari dogo la mjini haliijui. Yote hayo nayakubali. Ninachokikataa ni hatua inayofuata: kwamba kwa kuwa nje kuna joto, kila injini inahitaji oili nzito.

Tuzitazame namba zenyewe. Nchini Marekani, chama cha wahandisi wa magari, SAE, kilianza kupanga oili kwa madaraja ya mnato mwaka 1911, na leo kanuni yake inaitwa SAE J300. Ndani yake mna vipimo vya aina mbili ambavyo watu huvichanganya. Namba yenye herufi W, inayosimamia majira ya baridi, hupatikana kwenye baridi kali: oili ya 5W lazima iwe laini kiasi cha stata kuweza kuzungusha injini kwenye nyuzijoto 30 chini ya sifuri, 15W kwenye 20 chini ya sifuri, na 20W kwenye 15 chini ya sifuri. Namba ya mwisho hupatikana kwenye joto la kazi, nyuzijoto 100. Hapo daraja la 30 huwa na mnato wa sentistoki 9.3 hadi chini ya 12.5, daraja la 40 huanzia 12.5 hadi chini ya 16.3, na la 50 huanzia 16.3 hadi chini ya 21.9.

Kutokana na hayo, hoja ya kwanza. Namba iliyo mbele ya W haisemi lolote kuhusu wepesi wa oili injini ikishapata moto. 0W-40 na 20W-40 zikifika nyuzijoto 100 zimo ndani ya mipaka ile ile. Anayeikataa 0W-40 kwa sababu ya ile sifuri anaikataa kwa tabia yake ya asubuhi, si ya safarini. Hata upande wa moto tofauti si kubwa kama inavyodhaniwa. J300 ina kipimo kingine cha nyuzijoto 150, oili ikiwa inasuguliwa kwa kasi kubwa kama ilivyo ndani ya beringi, na kila daraja limewekewa kima cha chini. Kima cha 15W-40 na cha 20W-50 ni kimoja: milipaskali-sekunde 3.7.

Pili, joto linaloikabili oili ni la injini. Themostati ndiyo inayoshikilia maji ya rejeta karibu na nyuzijoto 80 hadi 95, na oili huzunguka humo humo au juu kidogo, uwe Tanga mwezi wa Februari au Njombe mwezi wa Julai. Jua la nje linaweza kuongeza nyuzi chache, lakini haliwezi kuigeuza injini iliyopangiwa daraja la 30 kuwa ya daraja la 50. (Wapo wanaoing'oa themostati kwa kuogopa gari kuchemsha. Hao huifanya injini ichelewe kupata moto, kisha wanaiwekea oili nzito juu yake; injini inaumia mara mbili.)

Tatu, na hili ndilo ningeomba fundi alitafakari zaidi kuliko yote. Chukua alfajiri ya Dar es Salaam, nyuzijoto 25, hali ambayo hakuna Mtanzania atakayeiita baridi. Oili ya kawaida ya namba 40 isiyo na W, ambayo ikiwa ya moto ina mnato wa sentistoki 14 au 15 hivi, saa hiyo ina zaidi ya 350. Imekuwa nzito zaidi ya mara 20. Ile 5W-30 inayoitwa maji, saa hiyo hiyo ina kama 130. Maana yake ni kwamba hata "maji" hayo, gari likiwashwa alfajiri pwani, ni mazito karibu mara tisa kuliko namba 40 iliyomo kwenye injini ya moto. Kwa injini, asubuhi ya Dar ni baridi tosha. Na ni wakati huo, kabla oili haijafika kwenye kamshafti, ndipo vyuma hulika.

Nafasi kati ya krankshafti na beringi zake katika injini ndogo za kisasa ni sehemu chache za mia ya milimita. Oili inatakiwa ipenye humo na kuubeba mhimili usiguse chuma. Katika injini za VVT-i kuna zaidi ya hapo: oili hiyo hiyo, kwa presha yake, husogeza kamshafti ili valvu zifunguke kwa wakati, ikipita kwenye njia nyembamba zenye kichujio kidogo. Ukiweka oili nzito, geji ya presha inaweza kupanda na dereva akafurahi, ilhali presha imepanda kwa sababu oili inagoma kupita. Kwenye filta nako, oili ikigoma sana, valvu ya dharura hufunguka na oili huenda kwenye beringi bila kuchujwa.

Kuna pingamizi moja zito, nami silipuuzi: kwamba watengenezaji walihamia 0W-20 kwa ajili ya kubana mafuta, si kurefusha maisha ya injini. Ni kweli kwamba kubana mafuta ni sababu kubwa. Hata hivyo, injini iliyopangiwa 0W-20 ilitengenezewa pampu na beringi za kuimudu. Tena vitabu vya Toyota vyenyewe huruhusu oili yenye mnato mkubwa zaidi kwa mwendo wa kasi au mzigo mkubwa. Basi mwenye Noah inayobeba abiria kutwa ana haki ya kutoka 5W-30 kwenda 5W-40. Hiyo ni hatua moja yenye sababu. Kurukia namba 40 kavu ni jambo jingine kabisa.

Na tazama bodaboda: Boxer imeelekezwa na mtengenezaji wake 20W-50, nayo ni sahihi, kwa sababu pikipiki hiyo hutumia oili moja kwa injini, gia na klachi. Inapita barabara moja na Vitz, chini ya jua moja, na bado kila chombo kina oili yake.

Kabla hujamwaga oili tena, fungua boneti usome mfuniko wa kujazia oili. Toyota nyingi zimeandikwa hapo hapo 0W-20 au 5W-30. Kitabu cha gari kikiwa cha Kijapani, tarakimu bado zinasomeka. Mpe fundi namba hiyo kabla hajalegeza nati ya sampu, na kama anataka kuibadilisha, mwombe akutajie sababu iliyomo ndani ya injini yako.