NENO LETU: Librero ni Mtu au Rafu?

Kwa kawaida safu hii huchukua neno moja la Kiswahili na kulichambua. Leo tunaazima la jirani. Wengi wetu tulisoma Kihispania sekondari kabla ya kukutana na ngeli, na anayepita Lake Street, Minneapolis, hukiona kwenye vibao vya maduka, bega kwa bega na Kisomali. Neno lenyewe ni librero.

Tuanze na tahajia. Ni l-i-b-r-e-r-o, na kila r ni moja tu. Akiwa mwanamke, yeye ni librera. Duka ni librería, lenye alama ya mkazo juu ya i. Kiambishi -ero hutaja mwenye kazi: pan ni mkate, panadero ni mwoka mikate, zapato ni kiatu, zapatero ni mshona viatu. Kazi hiyo Kiswahili huifanya mwanzoni mwa neno, kwa m- ya mtu. Basi librero ni muuza vitabu.

Lakini -ero hutaja pia chombo cha kuwekea kitu. Salero ni kichupa cha chumvi, cenicero ni kisahani cha majivu ya sigara. Ndiyo maana kule Mexico librero ni rafu ya vitabu vilevile. Rafiki wa Kimexico akikwambia amenunua librero, usishtuke, hajanunua mtu. Kiswahili kingeufichua utata huu mara moja kwa upatanisho: "librero amefika" au "librero imefika". Hapo tungejua kama tuandae chai au nafasi ukutani.

Mtego mkubwa uko kwenye librería. Anayefikiri kwa Kiingereza hulitazama neno hilo akaona maktaba, kumbe maktaba kwa Kihispania ni biblioteca. Tuseme mtu anatayarisha tangazo la maktaba ya mtaa kwa lugha nne, akaandika librería. Mama mwenye watoto watatu na fedha za kuhesabu atasoma kwamba pale vitabu vinauzwa, naye atapita zake. Maktaba za umma za Saint Paul ziliacha kutoza faini za kuchelewesha vitabu mwaka 2019, kwa sababu faini zilikuwa zinawafukuza watu wa namna hiyo. Neno moja lisilo mahali pake linaweza kuwafukuza tena.

Nasi wa Kiswahili tusimcheke mwenzetu. Neno maktaba tumelitoa kwenye Kiarabu, na katika Kiarabu hutumika kwa mahali pa kuazima vitabu na kwa duka la kuvinunua. Ndugu zetu wa Oman huweza kuliona neno hilo juu ya duka la madaftari na kalamu, lile ambalo Dar es Salaam wataliita steshenari. Kiswahili kilibaki na maana moja. Maktaba Kuu ya Taifa ilipofunguliwa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, hakuna aliyedhani ni duka. Kwa hiyo mfasiri anayejua Kiarabu naye awe macho, maana neno ni lile lile lakini mlango si ule ule.

Je, tungeweza kumwazima muuza vitabu wa Kiarabu pia? Yeye huitwa kutubi, na msikiti maarufu wa Koutoubia, mjini Marrakech, umepata jina lake kwa wauza vitabu. Tatizo ni sikio la Mswahili. Ukisema "huyu ni kutubi," msikilizaji atauliza ametubu dhambi gani.

Basi tubaki na letu. Muuza vitabu ni jina la kazi, kama muuza samaki. Muuzaji wa vitabu hukaa vizuri zaidi kwenye barua rasmi. Katika maandishi ya zamani mtakuta mwuza. Siku hizi tunaandika muuza. Mahali ni duka la vitabu, na palipo pa kuazima bila malipo ni maktaba.

Kabla hatujafunga, turudi kwenye mzizi. Libro limetoka kwenye Kilatini liber, neno ambalo lilitaja pia gome la ndani la mti. Waraka wetu nao umetoka kwenye neno la Kiarabu la majani ya mti. Na hapa Minneapolis, mwandishi Louise Erdrich ana duka la vitabu, Birchbark Books, lililofunguliwa mwaka 2001. Jina lake linataja gome la mti ambalo Waojibwe, watu wa upande wa mama yake, waliandikia tangu zamani. Gome, jani, kitabu: watu waliokaa mbali mbali walitazama mti mmoja.

Ushauri wetu ni mfupi. Ukiombwa kutafsiri tangazo, usilinganishe sura za maneno. Uliza kwanza: anayeingia mlango huu analipa au halipi? Kisha mpe karatasi mtu anayeishi katika lugha hiyo aisome kabla haijachapwa.

Mwenye neno lingine la jirani linalomsumbua atuletee mkutanoni. Tutalifungua pamoja.