Kasi ya ndege pekee haiokoi maisha

Neno supasoniki humaanisha mwendo unaoipita kasi ya sauti, ambayo ni takriban kilomita 1,225 kwa saa. Kwa mwendo huo, kutoka Nairobi hadi Garissa angani hakufiki dakika 20. Ndege za kivita za Kenya aina ya F-5 zimeundwa kuipita sauti.

Hata hivyo, magaidi walipovamia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri ya Aprili 2, 2015, kikosi maalumu cha polisi, Recce, kilifika kutoka Nairobi saa nyingi baadaye. Watu 148 waliuawa. Siku chache baadaye, ndege za kivita zilishambulia kambi za Al-Shabaab nchini Somalia.

Kwa wakazi wa Kaskazini Mashariki, kasi ya kulipiza kisasi haiwezi kufidia ukawiaji wa uokoaji.