Betri ikifa, pimeni kwanza kabla ya kumkata dereva mshahara



Safari hii naomba tuzungumze habari ya betri ya gari. Najua wako watakaocheka na kusema chama kimeacha mishahara kimeingia gereji. La, ndugu zangu. Hii ni habari ya mshahara.

Huko Muyinga yuko dereva wa pikapu kuukuu ya dizeli. Kazi yake ni kubeba watu na magunia ya kahawa, kupita Karuzi mpaka Gitega. Msimu mmoja gari likagoma kuwaka asubuhi. Wakubwa wake wakanunua betri mpya, wakaandika katika daftari "uzembe wa dereva", na bei yote ikakatwa katika mshahara wake kwa miezi mitatu. Betri ile mpya haikumaliza majuma matatu, nayo ikafa. Akaandikiwa barua ya onyo, na betri ya pili ikawa njiani kuwekwa juu ya kichwa chake.

Alipofika Gitega, gari likiwa limesukumwa na watu ndipo likawaka, tulikwenda pamoja kwa fundi wa umeme wa magari. Mimi si fundi. Niliishia darasa la sita, nikawa utingo wa lori kabla ya kuingia kazi ya chama. Lakini kusoma namba najua, na siku ile nilisoma.

Fundi aliichaji betri usiku kucha, akaiacha itulie. Mita ikaonyesha volti 12.6, maana yake betri nzima. Akawasha injini, akapima tena palepale kwenye betri: 12.4. Sasa akapeleka mita nyuma ya alternata, injini ikiunguruma vilevile: 14.3. Karibu volti mbili zilikuwa zinapotelea njiani! Akaufuata waya mnene unaotoka kwenye alternata, akabandua utepe mweusi uliofungwa na fundi fulani wa zamani, na ndani shaba imeoza, imekuwa kijani kama majani. Akaweka waya mpya. Betri ikasoma 14.1. Kabla ya saa sita mchana kazi imekwisha, na bei ya waya haikufika hata sehemu ya kumi ya bei ya betri iliyolipwa na yule ndugu.

Sasa kila mmoja wetu aelewe jambo hili. Betri ni pipa tu. Anayelijaza ni alternata. Gari la volti 12, injini ikiwaka, betri inatakiwa isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi, na ukiwasha taa zote isianguke chini ya 13. Lori la betri mbili, volti 24, zidisha mara mbili. Ikibaki kwenye 12 na kushuka, betri haijazwi, na hata ukinunua mpya kila mwezi zote zitakufa. Ikipita 15, anajaza kupita kiasi, maji ya betri yanachemka na kukauka. Hapo kosa ni la kirekebisha umeme cha alternata. Dereva anaingiaje?

Tazameni pia ile taa nyekundu ya betri mbele ya dereva. Ukifungua ufunguo kabla ya kuwasha injini, lazima iwake. Isipowaka, msifurahi. Katika magari mengi ya zamani umeme wa kuiamsha alternata hupitia katika balbu hiyo hiyo. Balbu ikiungua, alternata inazunguka bure. Na mkanda ukilegea au ukawa unang'aa kama kioo, unateleza, hasa usiku taa zikiwaka na mzigo wa umeme ni mkubwa.

Wako mafundi wanaong'oa waya wa betri injini ikiwaka, wakisema gari likizimika alternata ni mbovu. Mtindo huo ni wa enzi za dinamo. Kwa alternata, umeme unaruka ghafla na kuunguza daiodi zake, na hasara hiyo nayo ataandikiwa nani?

Wakubwa husema madereva wanaacha taa zikiwaka na kusikiliza redio. Kweli, wako wanaofanya hivyo, sitawatetea kwa uongo. Lakini mita inatofautisha: betri iliyonyonywa na redio, ukiichaji na kuwasha injini, inasoma 14 na gari linaendelea na kazi. Na tusisahau foleni za mafuta tulizozijua miaka hii. Dereva anawasha injini, anasogea hatua kumi, anazima. Kila kuwasha kunakula umeme mwingi, na hatua kumi hazirudishi kitu. Foleni ile alipangwa na mwajiri wake.

Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, katika kifungu cha 8 unasema mshahara hukatwa kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, au na makubaliano ya pamoja, au na uamuzi wa usuluhishi. Neno "uzembe" lililoandikwa na karani peke yake ofisini silioni humo.

Kwa hiyo tudai hivi katika kila kiwanda na kila shamba lenye magari: mita iwepo gereji. Betri ikifa, isomwe imetulia, isomwe injini ikiwaka, isomwe tena nyuma ya alternata. Namba tatu hizo ziandikwe katika daftari la gari, dereva akiwepo na mjumbe wa wafanyakazi akiwepo, wote watie sahihi. Gari likiwa zima, ufunguo umefungwa, na betri bado inakufa usiku, ng'oeni waya wa hasi jioni moja. Asubuhi likiwaka vizuri, kuna kitu kinachonyonya umeme humo ndani na kitafutwe.

Yule ndugu wa Muyinga mpaka leo hajarudishiwa fedha zake. Waya uliooza ninao, nimeufunga katika gazeti. Kikao na wakubwa wake kitakapoitwa, nitauweka mezani pamoja na daftari.