Sanduku la Babu

Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya amana iliyomo katika nyumba nyingi, wala hapana aitazamaye. Amana hiyo ni slaidi za wazee wetu: vipande vidogo vya filamu ya rangi, kila kimoja ndani ya fremu ya inchi 2 kwa 2, ambavyo zamani vilionyeshwa ukutani kwa taa ya projekta.

Katika ukoo wetu liko sanduku la namna hiyo. Babu alizipiga picha zake Mombasa baina ya mwaka 1962 na 1971. Vijana walipolifungua, walikuta slaidi kadhaa zimeota kuvu. Mmoja wao, kwa nia njema, akazifuta kwa kitambaa chenye maji. Kuvu ikatoka, na picha ikatoka pamoja nayo. Ilikuwa picha ya pekee ya marehemu nduguye Babu. Mzee akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Si kitu, mjukuu wangu." Lakini sisi watu wazima tulijua kosa ni la nani. Ni sisi tuliolitupa sanduku lile chini ya mabati miaka mingi.

Basi na tujifunze. Picha ya slaidi imo katika utando wa jelatini, nayo kuvu huila jelatini hata ikawa yayeyuka kwa maji. Kwa hiyo usiifute kwa maji. Vumbi liondolewe kwa kipulizio cha mpira au brashi laini, na slaidi ishikwe kwa fremu yake tu. Iwekwe mahali pakavu, penye giza na pasipo joto. Kwa unyevu wa pwani, chombo chenye kifuniko imara na vipakiti vya kunyonya unyevu chafaa. Mifuko ya plastiki ya PVC haifai.

Tena slaidi haina negativu. Yenyewe ndiyo asili. Filamu ya Kodachrome, iliyoanza kuuzwa mwaka 1935 na kuachwa kutengenezwa mwaka 2009, rangi zake hudumu sana gizani, lakini hufifia upesi mbele ya taa ya projekta. Ni heri kuzitia katika skana mara moja, kwa nukta 4,000 kwa kila inchi, kisha kutazama nakala. Nakala ziwe tatu, moja yao ikae katika nyumba nyingine. Wala slaidi zenyewe zisitupwe.

Hata hivyo, rangi si kitu kama majina hayajulikani. Qur'ani Tukufu imetuamuru kuandika madeni, nasi twaacha majina ya wazee wetu bila kuandikwa, na hali hilo nalo ni deni. Umri wa Babu umepita miaka 85, na macho yake yanapungua nuru. Sasa kila usiku wa Ijumaa, baada ya Isha, twaketi naye. Yeye husema, na binti mmoja huandika kwa penseli juu ya fremu: nani, wapi, mwaka gani. Kila atajwapo aliyefariki, twamwombea rehema. Hivyo watoto wamejua jamaa wasiowajua, na wengine tumekwenda kuwazuru.

Liko na jambo la stara. Imo picha ya marehemu Bibi akiwa nyumbani, kichwa wazi, aliyopigwa na mumewe. Kijana mmoja alitaka kuipeleka katika simu za jamaa wote. Babu akamzuia, akasema, "Bibi yako alinifungulia mlango mimi, hakuufungulia mji." Twawasihi vijana walishike neno hilo: mauti hayaondoi heshima ya mtu, na picha ya ndani ibaki ndani.

Ndugu zetu, kama nyumbani kwenu kuna sanduku kama hilo, msingoje mazishi ndipo mlifungue. Mfungueni mwenyewe angali hai, naye awaambie yaliyomo. Mwenyezi Mungu awape wazee wetu afya, nasi atujaalie kuwa waangalizi wema wa amana zao. Amin.